Sidiria Yenye Mfuko

Waliokuja kunipa pole niliporudi kutoka Mbeya hawakuniangalia usoni. Nasema hivi bila kumwonea mtu. Mwanamke anaingia, anavua ndala mlangoni, anachuchumaa, anapiga makofi ya salamu kama tulivyolelewa, mdomo unasema pole mwalimu, pole sana, Mungu mkubwa, na macho yako kifuani kwangu yanatafuta. Akishajua ni upande gani, anatulia, anaomba chai. Wengine walikaa mpaka jua likazama, eti wananifariji, kumbe wanangoja nigeuke waone vizuri. Sukari yangu ya mwezi ilikwisha kwa kufarijiwa.

Nilikuwa nimekatwa titi la kulia katika hospitali ya rufaa. Daktari alinieleza nikamwelewa: uvimbe ulikuwa mbaya, ukiachwa unatembea mwilini. Nilitia sahihi mwenyewe, kwa sababu mume wangu alikuwa amefariki zamani, na ndugu zake walikuwa bado wanajadiliana nimelogwa na nani. Sumbawanga bwana. Mtu akiumwa jino, wa kwanza kutajwa ni jirani. Siku ya kuruhusiwa nesi alinipa bonge la pamba lililoviringishwa kwenye bandeji, akaniambia, "Utaweka hapo, mama, hakuna atakayejua." Nililiweka. Tulipofika Tunduma lilikuwa limeshapanda mpaka begani, na abiria niliyekaa naye alikuwa anajifanya kuangalia milima. Nikalitoa, nikalitupa dirishani.

Ningeishi hivyo hivyo. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, watoto walizoea upesi kuliko wazazi wao, na kilichonisumbua zaidi ni mkono, maana haukufika tena juu ya ubao. Nilikuwa naandika kuanzia katikati kushuka chini, basi. Lakini nilikuwa na binti, na binti alikuwa na mchumba, na hapo ndipo wifi yangu alipoingia.

Wifi, dada wa marehemu mume wangu, ni mwanamke mwenye kifua cha kutosha watu wawili na maneno ya kutosha watu sita. Tangu kaka yake afariki alijitwalia mambo yote ya ukoo, na hakuna aliyempa. Alikuja kwangu Majengo, akakaa kwenye kiti nilichokuwa nimekalia mimi, akaniambia watu wa Mpui, wazazi wa mchumba, wamekubali kuleta mkaja kabla ya Kwaresma, ili ndoa ifungwe baada ya Pasaka.

Mkaja, kwa asiyejua, ni zawadi ya mama wa binti. Upande wa mume unaleta blanketi zito na kitenge, kumshukuru mwanamke aliyebeba mimba na kunyonyesha. Mama anaketi mkekani mbele ya watu wote, anawekewa blanketi mapajani, na binti yake anapiga magoti mbele yake. Wanaume wana maneno yao mengi siku hiyo, wana barua na mashahidi na mabishano ya ng'ombe. Mama ana hilo moja.

"Sasa wifi," akasema, "wale ni watu wa macho. Wakiona mama ni nusu, watasema na binti ni nusu. Watasema ugonjwa uko kwenye damu. Kama siku hiyo utaonekana mzima, kaa. Kama huonekani mzima, nitakaa mimi. Mimi ni shangazi yake, hakuna ubaya."

Nusu. Nilimtazama mdomo ule, nikataka kumuuliza yeye ni mara ngapi. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Nikamgeukia, nikingoja aseme neno. Akasema, "Mama, fanya tu anavyosema shangazi. Ni siku moja." Halafu akatumiminia chai. Alikuwa hajaliona kovu langu hata siku moja, kwa sababu wifi alimkataza, alimwambia mwari akilitazama atalichukua kwa macho. Na msichana aliyemaliza kidato cha nne, aliyesoma biolojia, akaamini.

Mimi nilizaa mtoto mmoja. Maana yake katika maisha yangu yote nilikuwa na mkeka mmoja tu wa kukalia. Nikaapa kwamba wifi hataukalia, hata ikibidi nijiwekee tofali kifuani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, na Majengo palikuwa pamefurika mitumba. Sisi tuliozoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, na kupata kanga kwa kujuana na katibu wa ushirika, tuliamka siku moja tukakuta dunia nzima imemwagwa juu ya maturubai. Makoti ya manyoya, kofia za harusi, viatu vya mguu mmoja. Na sidiria. Zamani sidiria ilikuwa kitu cha kumwagiza mtu anayekwenda Dar es Salaam, naye akakuletea isiyokutosha. Sasa zilirundikwa chini kama maharage, na wanaume wazima wenye ndevu walizinyanyua hewani wakiita wateja. "Shikamoo mama, karibu, hii ni saizi yako, mimi nikimwona mtu najua." Mmoja aliniambia hivyo huku ananipima kwa jicho moja. Nilikuwa nimejitanda kitenge mpaka kidevuni. Nikamwambia kama anajua hivyo akafanye kazi hospitali.

Wanawake wengine walizijaribu palepale, juu ya gauni, wakiulizana kama imekaa. Mimi nilichagua kwa kupapasa, kwa sababu wazazi wa wanafunzi wangu walikuwa wamejaa pale na hawakuwa na haraka. Ndipo mkono wangu ukaingia mahali. Ilikuwa sidiria nyeupe, nzito, ya mikanda mipana, na ndani ya kikombe cha kulia palikuwa na mfuko wa pamba laini, mdomo wake ubavuni chini ya kwapa.

"Hiyo maalumu," muuzaji akasema. "Ya wafanyabiashara. Wazungu wanaficha hela humo, mwizi hapati kitu."

Mnunuzi mmoja wa mahindi, mama mnene mwenye sauti, alishaishika upande wa pili. Kumbe zilikuwa zimeshakuja kadhaa, na wanawake wa sokoni walikuwa wanazigombea. Wauza dagaa, wenye magenge, wake wa wenye maduka, walikuwa wanatembea na mfuko wa mgonjwa kifuani umejaa noti, wanasifia akili za Wazungu. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini Mzungu mwenye benki aweke hela kwenye titi moja tu.

Mimi nilijua papo hapo. Mfuko ule haukuwa wa hela. Kulikuwa na mwanamke mahali fulani, amekatwa upande niliokatwa mimi, na kuna mtu alikaa akamtengenezea nguo yenye mahali pa kuweka kilichopungua, kwa mishono midogo midogo, bila kumwambia kuwa ni nusu. Baadaye mwanamke yule akapona au akafa, sijui, na nguo zake zikafungwa pamoja na za watu wengine zikaletwa huku. Nilisimama kwenye tope la Majengo nikaona yule ndiye mtu wa kwanza kunielewa, na sitamjua kamwe. Machozi yakanitoka. Sikuyapangusa, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika sidiria.

Mnunuzi wa mahindi akadhani nalilia mali, akaachia. "Chukua tu, mwalimu," akasema. "Ingawa mshahara wenu hata ukiuficha kwenye sikio haudondoki." Wakacheka turubai zima. Nililipa nikaondoka.

Mfuko nilikuwa nao, cha kuweka ndani ndiyo ikawa kazi. Nilikwenda kwa fundi aliyekuwa anashonea barazani karibu na soko, mzee mmoja aliyesifiwa na wanawake wote kwa adabu. Adabu yake ilikuwa hivi: hakumgusa mteja wala kumtazama. Alikupa futi ya kupimia, yeye akageukia ukuta, wewe ukajizungushia mwenyewe na kumsomea namba kwa sauti, naye akaziandika ukutani kwa chaki. Ndiyo maana wanawake wa Sumbawanga miaka ile walikuwa wanatembea na magauni yanayobana. Kila mmoja alijisomea namba aliyoitamani.

Nilimweleza shida yangu kwa sauti ndogo. Alizungumza na ukuta. "Mwalimu, hilo ni jambo dogo. Tutaweka sponji." Akakata kipande cha godoro, akakichonga kwa mkasi mpaka kikawa duara, akanipa kwa mkono wa nyuma kama mtu anayepitisha magendo. Nikaingia nyuma ya pazia, nikakiweka mfukoni, nikatoka. Kuna kipande cha kioo alikuwa amekitundika kwenye nguzo. Nikasimama wima, nikajiona. Kwa kweli nilikaa sawa. Nilianza hata kumpenda yule mzee.

Sasa akapita bibi mmoja wa parokia yetu, mtu mzima sana, na mkongojo wake. Kwetu Ufipa mwanamke hamsalimii mkubwa akiwa amesimama kama mlingoti. Nikashuka magoti, nikainama, nikapiga makofi, shikamoo bibi. Bibi akaanza kuitikia, akaishia njiani. Sponji lilikuwa limepanda mpaka shingoni. Titi la kushoto liliinama pamoja nami kama inavyopaswa, na la kulia lilikuwa chini ya kidevu linamtazama bibi. "Umepatwa na rovu, mwanangu?" akaniuliza kwa huruma. Nikasema ndiyo.

Alipokwenda zake nilimgeukia fundi, na hapo nilikuwa nimewaka. Nikamwambia, "Fundi, hii kazi umeipima nimesimama. Umewahi kumwona mwanamke wa hapa amesimama? Asubuhi anafagia ameinama. Anakoka moto ameinama. Analima, anapepeta, anamwosha mtoto, anasalimia wazee, yote hayo ameinama. Kusimama wima tunasimama kanisani wakati wa Injili, basi. Hilo titi lako ni la kusikilizia Injili."

"Sasa mwalimu unataka nifanyeje?"

"Nipime nimepiga magoti."

Akashtuka mpaka akageuka, adabu zote zikamtoka. "Barazani hapa? Watu watasema nini?" Nikamwambia watu walishasema yote, aliyebaki ni yeye tu. Nikashuka magoti mbele ya cherehani yake, nikainama, nikaanza kusoma namba. Aliandika ukutani upesi upesi. Wapita njia wakadhani namwomba msamaha, na mmoja akamwambia amsamehe mwalimu wa watu. Mwisho wake alinishauri nishonee sponji kwenye gauni lenyewe, lisipande. Nikamuuliza ningekuwa na magauni mangapi na matiti mangapi. Nikaondoka na futi yake kwa hasira, nikairudisha kesho yake.

Nyumbani nilijaribu kila kitu. Maharage yalikuwa na mabonge, na nikitembea yanasikika. Mchanga ulikuwa mzito na baridi kama maiti. Soksi zilikuwa soksi. Jioni moja nilikuwa napepeta ulezi wa uji, nikatia mkono kwenye ungo, ulezi ukateleza vidoleni ukajaa kiganja, ukatulia. Nikabaki nimeushika. Nikaweka kiganja kingine chini ya titi langu la kushoto, kuna nini cha kuona haya, nilikuwa peke yangu, nikapima huku na huku. Nikaongeza konzi. Nikapunguza. Nilishona kifuko cha kitambaa cha marekani, nikajaza, nikakifunga, nikakitia kwenye mfuko wa yule mwanamke wa Ulaya.

Kilikaa. Nilishuka magoti, kikashuka. Nilipoinama kiliinama, na nilipoinuka kilirudi mahali pake bila kuitwa. Nilipiga makofi ya salamu peke yangu chumbani, nikazisalimia kuta zote nne, mpaka mpangaji mwenzangu akaita kutoka uani kuuliza nimepata wageni gani. Nilicheka, na ilikuwa muda mrefu sijacheka. Bega langu ambalo lilikuwa limeanza kwenda upande likanyooka. Sina haja ya kuficha, nilifurahi kupita kiasi.

Wifi alikuja kukagua. Alinibonyeza kwa kidole kama anayenunua parachichi. Akazunguka nyuma, akarudi mbele, akaniambia nipige magoti, nikapiga. "Hapo sawa," akasema. "Sasa umekuwa mtu." Nilimeza jibu langu kwa ajili ya mkeka. Nimemeza majibu mengi kwa ajili ya mkeka ule, na mengine bado yananikaa.

Juma la mkaja mvua ilikuwa hainyeshi, ilikuwa inamwagwa. Shule yangu ilikuwa Pito, nami nilikuwa nakwenda na kurudi kwa miguu. Siku tatu kabla ya wageni, nikitoka shule, nilinyeshewa mpaka kwenye mifupa, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa wifi, maana shughuli ingefanyika huko na tulitakiwa kulala huko kuandaa. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa ukoo kutoka vijijini, tumelazwa wote chumba kimoja, mguu wa huyu kwenye kichwa cha yule. Wifi alinivuta pembeni kabla sijavua hata viatu. "Hawa hawajui," akasema. "Walishaambiwa ulipasuliwa tumbo. Usivue hapa kitu chochote cha ndani. Mmoja akijua, Mpui watajua kabla ya jogoo."

Kwa hiyo nilibadili gauni, sidiria sikubadili. Nililala nayo imelowa, nikaamka nayo, nikapika nayo, nikalala nayo tena. Mnajua baridi ya huku, hata wakati wa masika usiku unauma. Nakumbuka nilifikiri kwamba upande wa kulia angalau una joto, una joto hata kuliko wa kushoto, nikashukuru.

Mtoto yeyote wa Ufipa anajua kinachotokea ukilowesha ulezi ukaufunika mahali penye joto. Anakijua kabla hajajua kuhesabu, kwa sababu mama yake anakifanya kila akitaka kupika pombe. Mimi nilikuwa nakifundisha hata darasani, mbegu kuota, kwa chupa na pamba yenye maji. Lakini mtu hakifikirii kifua chake kuwa ni chungu cha kimea.

Siku ikafika. Watu wa Mpui walikuja na gari la kukodi, wamepakaa mafuta mpaka kwenye magoti. Waliongozwa na shangazi wa mchumba, mama wa makamo, mwembamba, mkavu, asiyecheka. Kila mtu alikuwa anamjua kwa sifa, kwa sababu alikuwa mpishi wa kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi inayonyonywa kwa mirija, na inasemekana watu walikuwa wanatembea kutoka vijiji vya mbali kwenda kukaa kwenye chungu chake. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani. Gauni jipya, kitenge kipya, kifua mbele. Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia pumzi zake.

Shangazi yule akaja kunisalimia. Akashuka magoti, nami nikainuka nikapiga magoti kumpokea, tukainamiana, tukapiga makofi, vichwa vimekaribiana. Akaacha kupiga makofi. Akavuta hewa puani, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Kuna kimea hapa," akasema.

Akanusa tena. "Cha siku ya tatu. Kimeshaota, kinataka kuanikwa."

Wanawake wa ukoo nao wakaanza kunusa, mmoja baada ya mwingine, na kutikisa vichwa kukubali. Ni pua hizo, zimelelewa kwenye vyungu. Nami nikainusa harufu yenyewe, tamu tamu, chachu kwa mbali, inapanda kutoka kwenye shingo ya gauni langu. Nikajua yote kwa mara moja. Wifi naye akajua, nikamsikia anameza mate, halafu akafungua mdomo kama kawaida yake.

"Ndiyo, ndiyo, tumeloweka ulezi wa pombe ya harusi," akasema. "Uko chumba cha ndani."

"Harusi si baada ya Pasaka?" shangazi wa Mpui akauliza. "Mnaloweka leo?"

"Tunajaribu kwanza."

"Hebu nikauone. Ukipitiliza unaharibika, mtapoteza ulezi wa bure."

Wifi akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akasema chumba kimefungwa. Akasema ufunguo anao mtu aliyekwenda sokoni. Akasema ndani kuna mgonjwa amelala. Yote hayo aliyasema kwa pumzi moja, na mlango wenyewe ulikuwa wazi, tunaona kitanda. Binti yangu alikuwa pembeni na wenzake, kanga kichwani, nikaona uso wake umekuwa wa majivu. Nikamwambia yule mama, "Twende nikakuonyeshe."

Tukaingia, nikasukuma mlango. Sikutafuta maneno. Nilifungua gauni, nikaingiza mkono ubavuni, nikatoa kifuko nikamwekea kiganjani. Kilikuwa cha moto. Vijizizi vyeupe vilikuwa vimetokeza kwenye mishono ya marekani pande zote. Alikibonyeza, akakigeuza, akakipeleka puani kwa mara nyingine. Halafu akaniangalia. Yeye hakuibia wala kuzungushazungusha macho. Aliliangalia kovu lote, tangu katikati ya kifua mpaka kwapani, kwa muda aliotaka.

"Walikata lini?"

"Mwaka jana."

"Binti alinyonya hilo?"

"Alinyonya yote. Lakini hili ndilo alilolipenda, lile jingine alikuwa analisukuma kwa mkono." Sauti ilinikatika hapo, na nilichukia ilivyokatika mbele yake. "Hilo blanketi mlilolileta ni la titi hili. Wamelitupa huko Mbeya, sijui hata wamelitupa wapi. Kama mnataka kuondoka na blanketi lenu, ondokeni. Lakini semeni ni kwa sababu gani, msiseme mmeitwa msibani."

Akauliza, "Na binti mwenyewe yuko mzima? Yote mawili?"

"Mzima kabisa."

"Kwa leo," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Ningependa aseme kwa ubaya, kwa sababu nilikuwa na majibu tele ya watu wabaya, nilishayapanga kwa miezi. Alisema kama mtu anayetazama mawingu akakwambia anua nguo. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kifuko bado kiko mkononi. "Mimi dada yangu alikuwa na titi lenye ugonjwa huo," akasema. "Sisi hatukumkata. Tulimzungusha kwa waganga mpaka likapasuka lenyewe. Na baada yake ukampata mtoto wake. Tulikuwa tumemficha mtoto, asione." Akakiweka kifuko dirishani, juani, akakitandaza kidogo kwa vidole ili kipate hewa. Mikono yake ilifanya hivyo bila yeye kufikiri. "Mwangalie binti yako," akasema. "Akiwa kwetu nitamwangalia mimi. Lakini akuone wewe kwanza, ajue anatafuta nini."

"Kwa hiyo hamwondoki?"

"Tumekuja kuleta blanketi. Funga gauni tutoke."

Nilifunga gauni. Upande wa kulia likalala bapa.

Tulipotoka, wifi alikuwa amekaa mkekani. Hatukukaa chumbani muda wa kuchemsha hata chai, lakini alikuwa ameshajinyoosha miguu, kitenge amekitandaza mapajani tayari kwa kupokea, kifua chake chote amekitanguliza mbele, anawachekea watu wa Mpui. Wote wakageuka kunitazama. Nikasikia wanawake wa vijijini wanavuta pumzi, mmoja akasema tumbo gani hilo. Nikatembea mpaka kwenye mkeka.

"Wifi, inuka."

"Wifi," akaninong'oneza, huku meno bado yako nje kwa wageni, "tulikubaliana nini?"

"Inuka."

Akainuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyempa mkono. Nikaketi. Shangazi wa Mpui akaniwekea blanketi mapajani, zito, la mistari, linanuka duka. Akasema maneno ya shukrani yanayosemwa siku hiyo, kwa sauti ileile kavu, bila kuruka hata moja, na alipofika pa kunyonyesha hakupunguza sauti.

Kisha wakamleta binti yangu. Akashuka magoti mbele yangu, karibu kabisa. Alikuwa amevaa blauzi mpya ya mitumba, shingo pana, na alikuwa analia bila kutoa sauti, macho yamenasa pale kwenye gauni langu palipolala bapa. Wote mle ndani walikuwa wanapaangalia hapo hapo. Sikuwa na nafasi ya kuwachukia tena. Mwanangu aliinama, akaanza kupiga makofi, blauzi ikafunguka kidogo shingoni, na mimi, na blanketi langu mapajani, nilikuwa nakiangalia kifua chake.